Sakafu Isiyokauka

Jumapili, 9 Machi

Tumefika jana jioni, na mvua ilitutangulia. Nyumba ina madirisha madogo ya vioo, na yote yalikuwa yamefungwa. Bibi aliingia, akasimama katikati ya sebule na kanga yake moja begani, akauliza nani aliyefunika sufuria hii. Baba akacheka. Mama hakucheka, alikuwa anatafuta mzigo wenye mablanketi.

Siku ya mwisho ya shule mwalimu wetu wa jiografia alituambia kwamba anayehama aandike anachokiona mapema, kabla macho hayajazoea. Basi naandika. Baba ni fundi wa mitambo ya umeme, na amehamishiwa huku milimani. Mama amepata kazi kiwanda cha maziwa. Bibi, mama yake Baba, amekuja kwa sababu alikataa katakata kubaki kwa shangazi. Mimi nimekuja kwa sababu sina pa kwenda mpaka mwezi wa sita. Nimepata nafasi chuo cha upimaji ardhi. Nimeiandika sentensi hiyo polepole ili niione vizuri.

Nimelala na soksi kwa mara ya kwanza maishani.

Jumatatu, 10 Machi

Wazazi wameanza kazi. Wanaondoka na giza, wanarudi na giza. Mchana kutwa nyumba ni ya Bibi na mimi.

Bibi ameshaupanga ua kama ule tuliouacha. Nyuma ya jiko kuna sakafu ya saruji chini ya paa la bati, inaanzia mlangoni na kuishia kwenye karo la kufulia. Mbele yake ni kipande cha bustani. Kule kwenye joto, kila alfajiri tulimwaga maji sakafuni ili vumbi litulie na saruji ipoe, kisha Bibi akatandika mkeka wake. Jua likipanda kidogo tu, pamekauka. "Ua usiooga ni sawa na mtu asiyeoga," ndivyo asemavyo. Kwa hiyo leo nimefagia, nimemwaga maji, nimesugua. Bibi akatandika mkeka, akakaa, akainuka hapo hapo na kuishika kanga kwa nyuma. Tukatafuta kiti.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefagia, nimemwaga maji. Nguo nilizofua Jumatatu hazijakauka.

Jumanne, 18 Machi

Upande wa pili wa uzio wa waya anakaa mama mmoja ambaye havui kofia yake ya sufi hata anapofua. Bibi amempa jina la Mama Kofia, na sasa hatujui jina lake halisi wala hatuulizi.

Leo alinikuta na ndoo. Alisimama akanitazama nikimwaga, akaniuliza kama kwetu sakafu huogeshwa kuliko watoto. Sikujibu. Mimi jibu hunijia mtu akiwa ameshaondoka. Niliinama nikasugua kwa nguvu zaidi hadi akaingia kwake.

Nyumbani wananiita Kimya tangu nikiwa mdogo. Kule tulikotoka watu walikuwa wamenizoea, hakuna aliyenitaka nijieleze. Huku inabidi nianze upya kuwa kimya, na mgeni akiwa kimya watu husema ana maringo.

Jumamosi, 22 Machi

Bibi amefungua fundo la kanga yake. Ndani mlikuwa na mbegu za bamia, amezibeba njia nzima. Baba alisema bamia haioti kwenye baridi. Bibi akamjibu kwamba mbegu haijui ramani.

Tumepiga matuta, yeye akielekeza na mimi nikichimba. Mwenye kuchoka alikuwa yeye. Tutamwagilia jioni, kama desturi yetu, ili jua lisiyanywe maji. Jua lenyewe sijaliona tangu Jumatano.

Jumatatu, 31 Machi

Nimemwaga maji uani asubuhi, bustanini jioni. Bamia bado. Viatu vya Baba vya kazi ya zamani vimeota ukungu mweupe chini ya kitanda. Bibi ameniuliza mbona viatu vimezeeka ndevu kabla ya mwenyewe.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimefukua tuta moja. Mbegu zimeoza, ukizibonyeza zinatoka uji. Bibi alizitazama kiganjani mwangu, akasema tulizizika chini mno, tuanze tena. Hatukuzizika chini mno. Nadhani maji ya jioni hulala nazo ardhini hadi asubuhi, na hakuna jua la kuja kuyaondoa. Nilitaka kusema hivyo. Nikaenda kuchukua jembe.

Mchana Mama Kofia alitupitishia kabichi juu ya uzio, kubwa kama kichwa cha mtoto. Bibi alishukuru kwa heshima zote. Tulipoingia ndani aliigeuza huku na huku, akasema kabichi si mboga, ni majani yaliyoona baridi yakajikunyata. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nafikiri ni mara ya kwanza nimecheka tangu tuje.

Jumatano, 9 Aprili

Nilikwenda dukani kununua chumvi. Niliporudi nilimkuta Bibi kitandani, blanketi limefika kidevuni. Anasema baridi imemwingia miguuni. Kanga yake ilikuwa juu ya kiti, imelowa nyuma yote. Nikaianika pamoja na zile nyingine ambazo hazikauki.

Alhamisi, 10 Aprili

Bibi hakutoka kitandani. Nimefagia, nimemwaga maji.

Ijumaa, 11 Aprili

Bibi hakutoka kitandani. Nimemwaga maji.

Jumapili, 20 Aprili

Mama amemleta tabibu wa zahanati. Alimbonyeza Bibi magoti, akamkunja na kumkunjua, akasema mifupa ni mizima, ni baridi na umri tu, ajitahidi kutembea. Bibi anatembea, lakini ndani tu. Anashika ukuta kutoka kitandani hadi msalani na kurudi. Akifika mlango wa nyuma anasimama, anaitazama ile sakafu kama mtu aliyefika kwenye mto uliojaa, kisha anageuka.

Baba alimsindikiza tabibu, akarudi, akakaa. Alisema hatuwezi kumwacha mtu mzima peke yake kutwa nzima katika hali hii. Mama akaitikia. Halafu wote wawili wakanitazama mimi. Nikauliza kuhusu chuo, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Kinafunguliwa tarehe tisa mwezi wa sita.

"Bibi yako akisimama, utakwenda," Baba alisema. "Mvua zikiisha tutaona."

Nimetoka nje kuitazama mvua. Haikuwa na dalili ya kusikia.

Jumatatu, 28 Aprili

Niandike siku yangu ilivyo, maana zote ni moja. Ukungu unashuka, unakuja hadi kwenye uzio, unakaa. Nafagia, namwaga maji. Napika uji. Nafua. Nguo nazitundika sebuleni kwa sababu nje hakuna kukauka, na tunapita chini yake tumeinama kama wezi. Nafunga mlango joto lisitoke. Bibi anasema anakosa hewa, nafungua. Bibi anasema anakufa kwa baridi, nafunga. Ana kikombe na kijiko kando ya kitanda, akinitaka anagonga. Ninapokaa tu, kijiko kinagonga. Wakati mwingine anataka maji. Wakati mwingine anataka kuniuliza kama ni mchana.

Wenzangu niliomaliza nao shule wamesambaa, kila mmoja na njia yake. Mimi nikifungua mlango wa mbele naona barabara ya lami inayopinda kulia na kupotea kwenye ukungu. Naitazama, kisha nafunga.

Leo kijiko kilipogonga nilikaa kwanza. Sikuwa na kazi yoyote mkononi. Nilikaa tu nikisikiliza kikigonga, hadi nikajiogopa, nikaenda. Bibi alitaka nimfunike miguu. Aliniita mke mwenzangu, kama anavyonitania siku zote, akasema babu yangu angekuwapo angemwacha yeye na kubaki na mimi, kwa jinsi ninavyojua kutunza. Nilimfunika. Sikucheka.

Jumanne, 6 Mei

Nimemwaga maji. Ukungu. Kijiko.

Jumatatu, 12 Mei

Bamia za awamu ya pili nazo zimeoza. Sikumwambia Bibi. Hakuuliza.

Ijumaa, 16 Mei

Leo Baba alikuwa mapumziko. Nilikuwa sebuleni nyuma ya shuka mbili zilizotundikwa, nazigusa kuona kama zimekauka. Baba akaingia na simu sikioni. Hakuniona.

Alisema ndiyo, yeye ndiye mzazi. Akalitaja jina langu kamili, lile la kwenye vyeti, na niliposikia jina hilo nilijua anaongea na nani. Akasema hapana, mwaka huu hataweza kuja, kuna dharura ya kifamilia. Akauliza kama anaweza kuwekewa nafasi mwakani. Akasikiliza.

"Basi kama haiwekwi, haiwekwi," alisema. "Ahsante, ndugu."

Alibaki amesimama. Chini ya shuka niliiona miguu yake katika soksi za kijivu, kidole kimoja kimetoboa. Haikuondoka upesi. Ningeinua shuka tu. Ilikuwa mkononi mwangu, imelowa, nzito. Sikuinua. Alipoondoka nilihesabu vibanio, sijui kwa nini, kisha nikaenda jikoni kumwekea chai. Alikunywa, akasema chai ni nzuri.

Mama aliporudi nilimfuata chumbani. Nilimwambia nimesikia. Alikaa kitandani bila kuvua koti la kiwandani.

"Baba yako hakupenda, mwanangu," alisema. "Lakini yule ni mama mkwe wangu. Nikimwacha aanguke peke yake ndani ya nyumba ya ugenini, nitamwambia nini Mungu?"

Nikasema sawa, Mama. Ndilo neno langu. Nadhani nikifa watu watasema marehemu alisema sawa.

Kijiko kiligonga. Bibi aliniuliza mbona macho yangu mekundu. Nikasema ni moshi. Tunapikia gesi. Alinitazama muda mrefu, akaniambia nikalale.

Jumamosi, 17 Mei

Nitaandika yote, hata kama mkono unauma. Unauma kweli.

Wazazi walikuwa wameondoka. Nilichukua ndoo kwa hasira. Sikumwaga maji, niliyatupa. Niliyatupa ukutani, mlangoni, kila mahali, na sauti yake ilinifurahisha. Nikajaza tena, nikatupa tena. Nikawa narudi kutoka karoni kwa haraka, mguu ukaniacha. Sikuteleza polepole kama mtu anayetafuta pa kushika. Nilikuwa nimesimama, halafu nilikuwa nimelala chali natazama bati, na ndoo inabingirika kuelekea bustanini.

Nililala pale. Nililia, si kwa maumivu. Ndipo nikahisi kitu chini ya kiganja. Saruji ilikuwa na utelezi mzito, kama wa bamia iliyopikwa. Nikainua mkono, nikauona una rangi ya kijani. Nikageuka nikaitazama sakafu kwa karibu, pua karibu iguse. Ilikuwa na utando wa kijani kuanzia karoni hadi karibu na mlango. Nilikuwa nimeusugua kila siku bila kuuona, kwa sababu kila siku nilikuwa naitazama sakafu ikiwa chini ya maji.

Kijiko kiligonga, harakaharaka. Niliingia nikichuruzika.

"Kishindo gani kile?" Bibi aliuliza.

"Nimeanguka, Bibi."

"Wapi?"

"Uani. Karibu na karo."

Aliinuka akakaa. Nilikuwa sijamwona akiinuka haraka hivyo tangu tuje.

"Upande gani wa karo?"

"Upande wa mlangoni."

"Mguu gani ulitangulia?"

Nilidhani akili yake imeanza kutangatanga. Nikamwambia ni wa kulia.

"Wewe una miaka kumi na minane," alisema.

"Ndiyo."

"Na miguu yako haina kitu."

"Haina kitu, Bibi."

Akaanza kucheka. Kicheko kilianza chini, kifuani, kikapanda, hadi akawa anafuta machozi kwa ncha ya kanga na kunipiga piga begani kwa mkono mwingine, mimi niliyelowa na kujaa tope. Nilidhani ananicheka mimi.

"Kumbe si miguu," alisema. "Mke mwenzangu, kumbe si miguu."

Akanieleza. Siku ile niliyokwenda dukani alitoka kutazama matuta. Alianguka pale pale. Alilala akitazama bati lile lile. Hakuna aliyemwona. Alijikokota hadi karoni, akajiinua, akaingia ndani, akavua kanga, akajifunika. Hakuumia popote isipokuwa kiwiko. Lakini moyoni alijua kwamba miguu yake imekwisha, imeamua kumwacha njiani. Aliisingizia baridi kwa sababu baridi haimwaibishi mtu.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza.

"Mtu mzima akianguka mara moja, wanawe humfungia ndani. Nikaona bora nijifungie mwenyewe."

Nikamwambia kuhusu utando wa kijani. Nikamwambia nje ya paa mvua inanyesha kutwa, lakini pale chini ya bati haifiki. Pangekuwa pakavu siku zote, kama panapokauka kwa Mama Kofia. Hakuna maji pale ila ya kwenye ndoo. Nilikuwa naongea haraka, na nilipofika kwenye ndoo tukatazamana.

"Nani alisema ua uogeshwe?" Bibi aliuliza polepole.

"Wewe, Bibi."

"Na nani aliuogesha?"

"Mimi."

"Basi tumefungana kwa ndoo moja."

Hapo ndipo nilipomwambia kuhusu simu ya Baba. Nilimwambia kuhusu miguu yake chini ya shuka, na chai, na lile neno langu la sawa. Sijawahi kuongea na mtu muda mrefu hivyo. Hakunikatiza. Nilipomaliza hakuniambia pole. Alisema utelezi huondolewa kwa majivu na brashi ngumu, nikalete majivu. Nikasema sisi tunapikia gesi, hatuna majivu. Akaninyooshea kidole dirishani, kuelekea kwa Mama Kofia, moshi wa kuni ukitoka jikoni kwake.

Nilisimama kwenye uzio muda, nikipanga maneno. Mama Kofia akatoka kabla sijamaliza kuyapanga. Nikaomba majivu. Akauliza ya nini, nikamwambia. Akaangalia sakafu yetu, akaangalia mgongo wa gauni langu.

"Si nilikuuliza mapema kama mnaogesha sakafu? Ukanipa mgongo."

"Nilidhani unanicheka, Mama."

"Nilikuwa nakucheka," alisema. "Lakini nilikuwa nakuuliza pia."

Akanijazia karai.

Jumapili, 18 Mei

Nimesugua kwa majivu na brashi ya waya, nimekwangua, nimezoa. Sikumwaga maji. Mkono ulikuwa unaitafuta ndoo wenyewe.

Baba aliona brashi, akauliza. Nikasema nasafisha. Bibi amenikataza kumwambia chochote kwa sasa. Anasema Baba ni fundi, haamini kitu mpaka kiwake.

Jumanne, 20 Mei

Nilisubiri wazazi waondoke. Namba ya chuo iko kwenye barua yao. Niliandika nitakachosema, nikakisoma mara nyingi, Bibi akinisikiliza kitandani kama mkaguzi. Alisema nimeweka samahani nyingi kuliko maneno mengine. Nikapunguza.

Aliyepokea ni karani, mwanamume mwenye mafua. Nilisema jina langu kamili. Akaniuliza kama si mimi yule ambaye mzazi wake alisema haji. Nikasema ndiye mimi, lakini nataka kuja.

"Unataka, au unakuja?" aliuliza. Hakuwa mkali. Nadhani alitaka kujua aandike nini.

Bibi alikuwa ananitazama.

"Nakuja."

Akasema nafasi bado hajampa mtu. Nikiwa pale siku ya kufungua, ni yangu. Nisipokuwapo, si yangu, na asisikie tena habari za dharura. Akapiga chafya, akakata.

Nimeahidi kitu ambacho hakuna aliyeniruhusu.

Jumamosi, 24 Mei

Nilidhani Bibi akishajua kwamba si miguu, atatoka tu. Haiko hivyo.

Nimeishusha kamba ya kuanikia, ile ya uani ambayo haijawahi kukausha hata leso. Nimeifunga kwenye msumari wa mlangoni, nikaipitisha kwenye nguzo ya karo, hadi kwenye nguzo ya uzio mwisho wa bustani, kimo cha kiuno cha Bibi. Nimeikaza. Amevaa mabuti ya mpira ya Baba na soksi mbili mbili. Anasema amevaa nyumba miguuni.

Alisimama mlangoni. Mkono uliishika kamba, mguu ukagoma. Tulisimama hivyo hadi ukungu ukashuka ukaifunika nguzo ya mwisho. Niliona jasho juu ya mdomo wake, kwenye baridi ile. Mimi niliyemnunia wiki zote zile, nikidhani analala kwa kupenda. Akageuka, akasema kesho.

Jumapili, 25 Mei

Kesho tena.

Alhamisi, 29 Mei

Amefika karoni. Amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa chini juu, akasema hatimaye ndoo hii imepata kazi ya maana.

Mvua zimeanza kupungua. Sakafu imekauka, kote. Ni ya kijivu hafifu, karibu nyeupe. Tulikuwa hatuijui rangi yake. Mama Kofia alikuja kwenye uzio, wakabishana na Bibi kuhusu bamia na kabichi hadi chai ikapoa. Bibi alimwambia kofia ile inambana akili. Mama Kofia akamjibu kwamba yeye akili yake haina cha kubanwa. Wakaagana kesho wabishane tena. Jioni nilimkuta Bibi anang'oa mabaki ya bamia tutani, ameshika kamba kwa mkono mmoja.

Jumapili, 1 Juni

Baba alikuwa nyumbani. Baada ya chai aliona kamba, akauliza nani ameifunga chini vile, mtu atajinyonga. Bibi akamwambia alete kiti chake, akae mlangoni, na Mama pia. Wakakaa kama watu waliokuja kuangalia mchezo.

Bibi akatoka. Alipita sakafu yote, akaingia bustanini. Katikati ya matuta aliiachia kamba. Baba akainuka.

"Kaa," Bibi alisema bila kugeuka. "Mimi ndiye niliyekufundisha wewe kutembea."

Baba akakaa. Bibi alifika kwenye uzio, akagusa nguzo, akageuka. Akawaeleza yote: kuanguka, utando, ndoo, kitanda. Alieleza kwa kifupi, na sehemu ya ndoo alisema ni agizo lake, mtoto asilaumiwe. Halafu akanitazama. Alinisubiri tu, amesimama mbali kule na mabuti ya mwanawe, na nikajua hatanisaidia.

"Baba," nilisema. "Siku ile ulipopiga simu nilikuwa nyuma ya shuka."

Hakugeuka kunitazama. Alitazama mikono yake.

"Nimewapigia. Nafasi ipo mpaka siku ya kufungua. Nimewaambia nakuja."

"Umewapigia wewe?" Mama aliuliza.

"Mimi."

Baba akasema, kwa sauti ya chini, "Na Bibi yako akianguka tena, na hakuna mtu?"

"Nikianguka," Bibi alisema kutoka kwenye uzio, "nitaanguka pakavu."

Mama alijifunika mdomo. Baba hakucheka. Aliinuka, akaenda kwenye nguzo ya karo, akakishika kifundo nilichofunga, akakitikisa. Akakifungua. Kisha akakifunga upya, kwa mtindo wake wa kazini, akakikaza akiwa ameegemeza mguu kwenye nguzo, akasema kifundo changu kilikuwa kibovu, kisingemhimili mtu. Akaenda kwenye nguzo nyingine, akafanya vile vile. Akaingia ndani.

Nilibaki sijui nimejibiwa nini. Mama akaniambia kwa sauti ndogo, "Amekubali, hajui tu kusema. Ulidhani ukimya wako uliutoa wapi?"

Ijumaa, 6 Juni

Mama amenipa koti lake zito. Nguo zangu zote zimekaushwa kwa pasi, moja moja. Baba hajaongea juu ya safari, lakini amelitia begi langu mkanda mpya, ameushona kwa waya.

Jumapili, 8 Juni

Naandika ndani ya basi, mwandiko unarukaruka.

Asubuhi niliamka kabla ya wote. Nilijishtukia nikiwa uani, ndoo mkononi, bomba limeshafunguliwa, maji yamefika nusu. Nilifunga bomba. Nikayapeleka bustanini, kwenye miche ya kabichi ambayo Bibi ameipanda pale palipokuwa na bamia, na ambayo anasema ni ya Mama Kofia, yeye anaitunzia tu. Nikaimwagilia, asubuhi na si jioni. Sakafu nikaipita kwa uangalifu, nisiidondoshee hata tone.

Bibi alinisindikiza kwa kuzunguka nyuma, kwa kamba, hadi kwenye nguzo ya mwisho ambako barabara inaonekana. Alikuwa na kanga mbili, sweta, mabuti, na kofia ya sufi. Nikaitazama kofia. Akasema ameazimwa. Akanishika shavu kwa mkono wa baridi.

"Nenda, mke mwenzangu. Ukapime ardhi, uniambie imebaki ngapi."

Sikupata la kujibu. Jibu limenijia sasa, na yeye yuko mbali.

Baba alibeba begi. Tulipofika kwenye kona pale barabara inapopinda kulia, niligeuka. Ukungu ulikuwa unashuka. Bibi alikuwa amerudi kwa kamba yake hadi kwenye nyumba. Nilimwona akiuvuta mlango wa nyuma, ambao hajawahi kuufunga kwa hiari tangu tuje, akaufunga vizuri ili joto lisitoke. Yeye mwenyewe alibaki nje.